Presha 220/130: ni I10, I11 au I16?

Swali: Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya cha binafsi huku Mbagala, na kwa kuwa hatuna mtu wa kumbukumbu, fomu za bima najaza mimi. Mwezi uliopita tulipokea mama wa miaka 54, kaletwa na bajaji, kichwa kinamuuma sana na anaona ukungu. Presha 220/130. Tabibu alimwona, akaandika HTN (kifupi cha presha ya kupanda), akampa dawa, baadaye tukampa rufaa kwenda Temeke. Kwenye fomu, panapotakiwa kodi ya ugonjwa, nikaweka I16.1 niliyoikuta mtandaoni, imeandikwa wazi kuwa ni presha ya dharura. Madai yamerudi, wanasema kodi haitambuliki. Mwenzangu mmoja ananiambia weka I10, mwingine anasema weka I11 kwa sababu presha ilikuwa kali. Ipi sahihi? Nimekutumia na picha ya faili.

Jibu:

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote, ile picha nimeifuta. Jina la mama, namba ya kadi yake ya bima na namba ya simu ya mwanawe vilikuwa vinasomeka vyote, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Najua ulikuwa unatafuta msaada, wala sikugombezi. Siku nyingine nakili maneno ya tabibu kwenye karatasi, acha majina na namba. Hayo yatanitosha kabisa.

Sasa jibu lenyewe. Kwa faili lilivyo leo, msimbo sahihi ni I10. (Naandika msimbo, ingawa kazini sote tunasema kodi.) I16.1 haimo kwenye kitabu tunachotumia sisi, na I11 ni ugonjwa mwingine. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekusaidia kudai pesa ya kituo tu, na yule mama atabaki na faili lisilomsemea chochote. Kwa hiyo nivumilie nieleze kwa urefu.

Nianze na I16.1, kwa sababu kosa hilo nakutana nalo kila mwezi, na si la uzembe. ICD-10, yaani orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa, ina jina moja lakini vitabu vyake ni zaidi ya kimoja. Kipo cha Shirika la Afya Duniani, ambacho ndicho msingi, na ndicho mfumo wenu unachokitambua. Halafu kipo cha Marekani, ambacho wao walikichukua cha Shirika wakakiongezea vyao na kuanza kukitumia rasmi tarehe 1 Oktoba 2015. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2016, wakaongeza kundi la I16 kwa ajili ya presha iliyopanda kupita kiasi: I16.0 kwa asiye na kiungo kilichoumia, I16.1 kwa mwenye kiungo kinachoumia wakati huohuo, na I16.9 pale isipojulikana. Kwenye kitabu cha Shirika, ukimaliza I15 unaruka hadi I20. Katikati hapo hakuna kitu. Ndiyo maana mfumo wa bima ulikujibu kuwa kodi haitambuliki, na safari hii ulisema kweli.

Ukiuliza intaneti kuhusu misimbo, kurasa nyingi zinazokuja mbele ni za Wamarekani, kwa sababu kule kusimba ni taaluma yenye mitihani na vyeti vyake, na watu wameiandikia sana. Zina manufaa, mimi mwenyewe nimejifunza mengi humo. Ila ukiona msimbo wenye mkia mrefu, mathalani E11.649, au wenye herufi katikati kama I1A.0, ujue uko Marekani. Yetu kwa kawaida inaishia kwenye tarakimu moja baada ya nukta. Shirika la Afya Duniani limeweka kitabu chake chote mtandaoni bure, toleo la 2019, ambalo ndilo la mwisho la ICD-10. Kiweke kwenye simu yako, uwe unatafuta humo kwanza.

Tuje kwenye I10. Hiki ndicho kinachowauma wengi, na kinaniuma na mimi: mtu wa 145/92 aliyekuja kuchukua dawa zake za mwezi, na mama yako wa 220/130 anayeona ukungu, wote wawili ni I10. Kitabu cha Shirika kinasema wazi chini ya I10 kwamba presha iitwe ya kawaida au iitwe mbaya sana, inaingia hapohapo. Ukali haumo kwenye msimbo huu. Hata ukiugeuza vipi hautausema.

Ukali unasemwa na vitu viwili. Cha kwanza ni msimbo wa kiungo kilichoumia, kama kimeumia. Cha pili ni maneno ya kwenye faili. Mwenzako anayesema I11 amekosea kwenye hicho cha kwanza, kwa hiyo tukimalize.

I11 haiko juu ya I10 kwa ukali. Ni ugonjwa wa moyo uliosababishwa na presha. I11.0 ni pale moyo unaposhindwa kufanya kazi yake: mgonjwa anahema akilala chali, miguu imevimba, mapafu yana maji. I11.9 ni moyo ulioathirika lakini haujafika huko, mfano umetanuka. Mtu anaweza kuwa I11.0 siku ambayo presha yake ni 130/80, na mtu wa 240/140 akawa I10 tupu. Vivyo hivyo I12 ni figo zilizoharibiwa na presha, na I13 ni moyo na figo kwa pamoja. Vimeshindwa vyote viwili, I13.2.

Hapo kuna neno moja ambalo lazima tabibu aliandike kwa mkono wake, nalo ni "kutokana na". Kitabu cha Shirika kinaingiza ugonjwa wa moyo kwenye I11 pale tu unapotokana na presha. Wamarekani wao wanachukulia uhusiano huo kuwa upo hadi daktari aukanushe. Sisi hatuna ruhusa hiyo. Ukikuta kwenye faili "presha" mstari wa kwanza na "moyo kushindwa" mstari wa pili, bila neno linaloviunganisha, huna I11.0. Una I10 na I50 (moyo kushindwa), kila mmoja peke yake. Mrudie tabibu umuulize: huu moyo umeshindwa kwa sababu ya presha, au kwa sababu nyingine? Akiandika "kutokana na presha", hapo andika I11.0. Usimwandikie wewe, hata kama jibu unalijua.

Kwenye ubongo mambo ni tofauti kidogo. Presha ikimchanganya mtu akili, akawa haelewi alipo, au akapata degedege bila kiharusi, na daktari akaandika kuwa ubongo umeathirika kwa presha, huo una msimbo wake, I67.4. Kiharusi chenyewe ndicho hutangulia na I10 hufuata nyuma: I61 damu ikiwa imevuja ndani ya ubongo, I63 mshipa ukiwa umeziba. Na kwa kuwa huku kwetu wagonjwa wengi wanafika, wanahudumiwa na wengine wanafariki bila CT skani, ipo I64 kwa kiharusi ambacho haijulikani ni cha aina gani. Ni msimbo halali. Sipendi kuona mtu anaandika I63 kwa kubahatisha eti I64 inaonekana ya kizembe; huo ni uongo mdogo unaoingia kwenye takwimu za nchi nzima. (Kitabu cha Marekani hakina I64, kwa hiyo ukiitafuta kwenye kurasa zao utaambiwa haipo.) Macho ya presha, yaani damu au uvimbe unaoonekana nyuma ya jicho, yanaingia H35.0. Presha iliyoletwa na ugonjwa mwingine, kama mshipa wa figo uliobana au uvimbe wa tezi, ni I15, lakini hiyo haitathibitishwa kituoni kwenu.

Mjamzito asiguswe na kundi hili hata siku moja. Yeye ana sura yake, O10 hadi O16, na kwake presha inaitwa kali kuanzia 160/110, si 180. Ikiwa kali na protini iko kwenye mkojo, daktari akaandika dalili kali za kuelekea kifafa cha mimba, ni O14.1. Kifafa chenyewe ni O15. Niliwahi kupitia kitabu cha wagonjwa wa kituo kimoja nikakuta wajawazito watatu chini ya I10. Maana yake ni kwamba kwa mwezi ule, kituo kile kilihesabika hakina tatizo la presha ya mimba.

Basi, rudi kwa mama yako. Kwenye ile picha, kabla sijaifuta, nilisoma yaliyoandikwa. Kwa Kiswahili yanasema hivi: kichwa kinauma, presha 220/130, HTN, nifedipini, rufaa. Hayo tu. Wewe umeniambia kwamba alikuwa anaona ukungu. Faili halisemi. Ukungu ule ndio uliokuwa jambo zito kuliko yote pale, kwa sababu ndio unaomfanya daktari ajiulize kama presha inaharibu kitu sasa hivi, na umebaki kichwani mwako na kwenye ujumbe wa simu. Ukipangiwa zamu kituo kingine kesho, umeondoka nao.

Tofauti kati ya presha iliyopanda sana na presha ya dharura haiko kwenye namba. Zote mbili huanzia mahali pamoja, juu ya 180 na 120. Dharura ni pale kiungo kinapoumia wakati uleule: ubongo, macho, moyo, mapafu, figo, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo. Asiye na kiungo kinachoumia hahitaji kushushwa kwa haraka. Anapumzishwa, anapewa dawa za kumeza, anafuatiliwa. Mwenye dharura anahitaji wodi na dawa za mshipa. Ni wagonjwa wawili tofauti kabisa wenye namba moja, na anayewatenganisha ni yule aliyemchunguza akaandika alichokiona, pamoja na alichokitafuta asikione. "Hana maumivu ya kifua" ni maneno manne, lakini yana kazi kubwa. Yasipoandikwa, msomaji hajui kama hana au hakuulizwa.

Kuna jambo jingine kwenye picha ile lililonishtua. Kando ya dawa kuna "4.00". Nakuomba hapa unisikilize kwa makini.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii, nilikuwa masjala ya hospitali moja hapa mjini. Asubuhi moja akaletwa baba kwa rufaa, presha juu sana, karatasi yake imeandikwa kwamba amepewa nifedipini 4.00. Alifika kwetu saa tano asubuhi. Daktari aliyempokea alisoma 4.00 kama inavyosomwa kwenye saa ya mkononi, yaani alfajiri, saa kumi. Akahesabu saa saba zimepita, dawa imeshaisha nguvu, na presha bado iko juu. Akampa nyingine. Kumbe muuguzi wa kule alikotoka alimaanisha saa nne asubuhi, kama tunavyosema nyumbani, na ilikuwa imepita saa moja tu. Ndani ya muda mfupi presha iliporomoka, mkono wa kulia ukalegea, na maneno yakawa hayatoki. Mimi ndiye niliyelifungua faili lake jipya, na mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumwita mkewe aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje na kikapu cha uji. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya katika wote wale. Watu wawili walisoma saa ileile kwa lugha mbili.

Tangu siku hiyo kila ninayemfundisha namwambia: kwenye faili, saa ni ya saa 24. Saa nne asubuhi andika 10:00. Saa nne usiku andika 22:00. Mdomoni sema Kiswahili chako, hakuna shida, lakini kalamu iandike ya saa 24, na ukutani bandikeni karatasi yenye saa zote mbili zikiwa zimepangwa sambamba mpaka mkono uzoee. Fomu ya rufaa ndiyo hasa, kwa sababu inasomwa na mtu asiyekujua.

Na muda una maana kwa sababu presha ya dharura hushushwa kwa kipimo. Kanuni ya jumla ni kwamba saa ya kwanza wastani wa presha usishuke zaidi ya robo, kisha kuelekea 160/100 katika saa mbili hadi sita zinazofuata, na kawaida kabisa ndani ya siku moja au mbili. Kwa mama yako wa 220/130, wastani huo (namba ya chini ukiiongezea theluthi ya tofauti yake na ya juu) ni 160, na robo yake ni 40. Maana yake saa ya kwanza asishuke chini ya wastani wa 120, ambao ni kama 165/98. Kiharusi cha mshipa kuziba, kifafa cha mimba na mshipa mkuu uliochanika vina kanuni zake, lakini zote zinaanza na swali lilelile: alianzia wapi, saa ngapi, na amepewa nini? Daktari wa Temeke hawezi kupiga hesabu hiyo kama karatasi yako haina kipimo cha kwanza, saa yake, dawa, kiasi chake na njia aliyopewa. Njia pia ni muhimu. Ile ya kutoboa nifedipini na kuidondosha chini ya ulimi ilishaachwa zamani kwa sababu inashusha presha ghafla mno, lakini bado naikuta kwenye mafaili. Imetolewa, iandikwe kuwa imetolewa, anayempokea ajue.

Hebu nikuonyeshe faili la mama huyu lingekuwaje. Mafaili yetu tunayaandika kwa Kiingereza, lakini hapa naweka kwa Kiswahili ili tuelewane, na yale ambayo sikuyaona, pamoja na dawa na saa zake, nimeyatunga kwa mfano:

"Saa 10:05. Mwanamke, miaka 54. Kichwa tangu jana jioni, anaona ukungu macho yote mawili tangu leo asubuhi. Hana maumivu ya kifua, hahemi kwa shida, hajatapika, hajapata degedege. Ana presha miaka 6, anatumia amlodipini, ziliisha wiki 3 zilizopita, hakuwa na pesa. Presha akiwa ameketi: kulia 220/130, kushoto 216/128. Baada ya kupumzika dakika 10, kulia 218/130, mkanda mkubwa. Fahamu kamili, uso haujapinda, mikono na miguu ina nguvu sawa. Mapafu safi, miguu haijavimba. Mkojo: protini ++. Nyuma ya jicho hapajachunguzwa, kifaa hatuna. Utambuzi: shinikizo la damu la asili, limepanda sana, nashuku dharura kwa sababu ya macho. Amlodipini miligramu 10 ya kumeza saa 10:25. Saa 10:55 presha 210/124. Rufaa kwa uchunguzi wa jicho, kipimo cha figo (kreatinini) na cha moyo (ECG)."

Kuandika hivyo ni dakika nne au tano. Angalia "mkanda mkubwa": mkanda mdogo kwenye mkono mnene unapandisha kipimo kwa uongo, kwa hiyo anayesoma anajua namba ile ni ya kuaminika. Angalia "kifaa hatuna", ambayo inampa Temeke kazi ya kufanya badala ya kumwacha akidhani jicho lilishaangaliwa. Na angalia "ziliisha, hakuwa na pesa". Wengi wetu tungeandika kwamba mgonjwa hafuati dawa, na kitabu kina msimbo wake wa ziada, Z91.1. Unaweza kuutumia daktari akiandika hivyo. Lakini neno peke yake linamfanya mama aonekane mkaidi, na kila atakayelifungua faili hilo atamkaripia kwanza. Sababu ikiandikwa, atakayefuata atamtafutia dawa anayoimudu.

Utaniuliza: sasa faili zuri hivyo, msimbo unakuwa upi? Bado I10. Haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kwamba mkaguzi wa bima akiuliza kwa nini mlimkalisha karibu saa nzima, mkampima mara tatu na kumpa rufaa, majibu yote yako pale. Na kule Temeke wakikuta damu nyuma ya jicho, wao wataongeza H35.0 kwenye madai yao, kwa haki.

Huenda pia ukakutana na hali iliyo kinyume. Mtu hajawahi kuambiwa ana presha, kaja na mkono uliovunjika, anapiga kelele kwa maumivu, mnampima 190/115. Hiyo si I10 mpaka daktari aseme ana ugonjwa wa presha. Ni R03.0, kipimo kilichokutwa juu bila utambuzi. Kwa kawaida ugonjwa huthibitishwa kwa ziara mbili au tatu. Mwongozo wa mwaka 2020 wa Jumuiya ya Kimataifa ya Shinikizo la Damu unaruhusu ziara moja kwa mtu aliyefika 180/110 ambaye pia ana ushahidi wa ugonjwa wa moyo na mishipa. Ukimwandikia I10 kwa haraka, umempa ugonjwa wa maisha kwa sababu ya mfupa.

Lipo na hili ambalo hukuniuliza, lakini mwenzako wa I11 amenifanya nilifikirie. Wapo watakaokushauri uandike I11.0 kwa sababu madai yake yanapita kirahisi zaidi ukimlaza mgonjwa. Usifanye. Siongelei kukamatwa tu, ingawa hilo lipo na jina lake ni udanganyifu. Nafikiria yule mama. Akirudi kokote kadi yake ikafunguliwa, atakutwa ni mgonjwa wa moyo ulioshindwa. Atapewa dawa za kukojoa maji asizozihitaji, ataambiwa asibebe ndoo, watoto wake watalia usiku. Na kwenye MTUHA, yaani vitabu vya taarifa za afya vya serikali, kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje, ataingia safu isiyo yake, na safu hizo ndizo zinazojumlishwa wilayani dawa zinapopangwa.

Utasikia pia habari za ICD-11, iliyoanza kutumika duniani Januari 2022. Humo Shirika lenyewe limeweka mahali pa presha iliyopanda kupita kiasi, BA03, mbali na BA00 ambayo ni presha ya asili. Kwa hiyo kiu yako ya kutaka msimbo wa ukali ilikuwa halali, na wengine waliiona kabla yako. Lakini mpaka mfumo mnaotumia uhame, BA03 mkiiandika itarudi vilevile kama I16.1.

Kuhusu madai yaliyorudi, fanya hivi. Fomu badilisha iwe I10 uirudishe, hilo halihitaji zaidi. Faili ni jambo la tabibu. Mpelekee, mkumbushe ukungu wa macho, na kama anakumbuka alichokiona siku ile, aandike nyongeza chini ya maandishi ya mwanzo: tarehe na saa ya leo anayoandika, neno "nyongeza kwa ziara ya tarehe fulani", anachokumbuka, jina na sahihi. Asirudishe tarehe nyuma. Asichomeke maneno katikati ya mistari ya zamani, wala asipake dawa nyeupe ya kufutia; palipokosewa panapigwa mstari mmoja ili pasomeke, na sahihi kando. Vipimo ambavyo havikufanyika havizaliwi leo. Kama hakumbuki, faili libaki lilivyo.

Wewe mwenyewe unaweza kuandika ya kwako kwenye karatasi ya uuguzi kwa utaratibu uleule, kwa sababu ulimsikia mama akisema haoni vizuri, na hicho ni kitu ulichokishuhudia. Kisha kuhusu ile 4.00: muulize aliyeiandika ilikuwa asubuhi au alfajiri, naye aandike saa sahihi kwenye nyongeza yake. Na piga simu Temeke, kitengo cha rufaa, uulizie majibu ya jicho na figo. Mama yule atarudi kwenu kuchukua dawa, na kituo chake ni ninyi.